KANSERE YA MAPAFU: NI UGONJWA WA WAZEE TU?



Katika sanduku la maswali la gazeti letu tulikuta karatasi tatu zenye neno moja, ingawa mkono ulioziandika si mmoja. Ya kwanza inauliza kama kansere ya mapafu ni ugonjwa wa wazee tu. Ya pili inauliza kama mtu asiyevuta tumbako anaweza kuupata. Ya tatu tunaiandika tena kama ilivyo: « Yaya yetu alikuwa na miaka 27, hakuvutaka hata sigara moja, alikohoa damu mpaka akakufa. Kule kwetu banasema bamemuloga. Munasema nini? » Sisi makapita wa darasa la mwisho, sehemu ya biolojia na kemia, tulipewa kazi ya kujibu. Tulisoma vitabu, tukamuuliza mwalimu wetu, tukaenda pia kuongea na munganga. Haya ndiyo tunayoleta. Ni marefu kidogo, muyasome polepole.

Tuanze na wazee, kwa sababu juu yao watu hawana mashaka. Ni kweli kwamba kansere ya mapafu inapenda umri mkubwa. Katika nchi zinazoandika wagonjwa wao wote, kama Marekani, wastani wa umri wa mtu siku anapoambiwa kwamba ana ugonjwa huu ni karibu miaka 70. Walio chini ya miaka 45 ni wachache sana. Na ugonjwa wenyewe si mdogo: mwaka 2022 ulikamata watu karibu milioni 2 na nusu duniani, ukaua karibu milioni 1 na laki 8. Hakuna kansere nyingine inayoua watu wengi namna hiyo.

Lakini kwa nini umri? Mwili wetu umejengwa kwa selule (wengine wanasema chembe), na ndani ya kila selule mna maandiko yanayoiongoza, ndizo jeni. Selule inajua wakati wa kuzaa selule nyingine, inajua wakati wa kupumzika, inajua hata wakati wa kufa. Kansere ni selule ambayo maandiko yake yameharibika, ikasahau kupumzika na kusahau kufa. Inazaa tu, na watoto wake wanafuata tabia ya mama yao.

Fikirini nyumba ya paa la majani. Mwaka wa kwanza upepo unang'oa jani moja, mvua haiingii. Mwaka wa pili panya anatoboa pembeni. Mwaka wa tano jua limekausha upande mmoja. Watu wanalala vizuri tu. Kisha siku moja, nyuma ya miaka mingi, mvua inanyesha na kila kitu ndani kinalowa, na hakuna mwenye kusema ni jani gani hasa lililoleta maji. Ndivyo ilivyo kwa mzee aliyevuta tumbako miaka 40. Kila sigara inaharibu maandiko kidogo hapa, kidogo pale. Wataalamu wanaposoma jeni za kansere yake wanakuta makosa maelfu.

Sasa fikirini nyumba mpya, majani yake bado yananuka mwitu, na usiku mmoja tawi kubwa la mti linaangukia paa. Hapo hakuna miaka mingi. Kitu kimoja kimetokea, lakini ni kikubwa, na kinatosha. Kwa vijana wengi wenye kansere ya mapafu, zaidi wale wasiovuta tumbako, iko hivyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba kuna wagonjwa ambao jeni yao moja, inayoitwa EGFR, imebadilika na kuiamuru selule izae bila kusimama. Mwaka 2007 wataalamu wa Japani walieleza nyingine: kipande cha kromozomu namba 2 kinakatika, kinageuka, kinajiunga tena vibaya, na jeni inayoitwa ALK inabaki ikiwaka mchana na usiku kama taa iliyokosa mtu wa kuizima. Hiyo ya ALK inapatikana kwa vijana zaidi ya wazee. Mtu hazaliwi nayo kwa kawaida, wala haipitishi kwa watoto wake. Inatokea katika selule moja ya pafu, siku asiyoijua mtu yeyote.

Hapa kuna tofauti ya kwanza, na nyingine zote zinatoka kwake. Tulipoifahamu, mambo mengi yaliyobaki yalifunguka yenyewe.

Kwanza, aina ya kansere. Kansere ya mapafu si moja. Mzee mvuta tumbako anapata mara nyingi zile mbili ambazo tumbako inazizaa sana: ile inayoanza kwenye ngozi ya ndani ya mirija mikubwa ya pumzi, na ile ya selule ndogondogo ambayo inakimbia sana na kutawanyika upesi. Zote mbili zinakaa zaidi katikati ya kifua, karibu na mirija mikubwa. Kijana anapata zaidi ile inayoitwa adenokasinoma, inayotoka katika selule zinazotengeneza ute, na yenyewe inapenda pembeni, mbali na mirija mikubwa. Musidhani kuna ukuta kati ya umri na umri. Wazee pia wanapata adenokasinoma, tena siku hizi ndiyo ya kwanza kwa wingi duniani kwa watu wote. Lakini kwa vijana inashinda kabisa.

Pili, dalili. Kitu kilicho katika mrija mkubwa kinasumbua mapema: mtu anakohoa, anasikia filimbi kifuani, makohozi yanakuwa na damu. Kitu kilicho pembeni kinakaa kimya. Pafu halisikii maumivu. Kinachouma ni ngozi inayolizunguka na mifupa ya mbavu. Basi kijana anaweza kucheza mpira, kubeba mizigo, kufanya mtihani, na huku ugonjwa unakua. Anapokuja kulalamika, mara nyingi si kifua tena. Ni mgongo, au mfupa wa paja, au kichwa kinachouma kila asubuhi pamoja na kutapika, kwa sababu kansere imekwisha kusafiri mpaka mifupani au ubongoni. Ndiyo sababu vijana wengi wanaonekana wakiwa wamechelewa, kuliko hata wazee.

Kuchelewa huko kuna sababu nyingine ambayo si ya mwili, ni ya watu. Mzee mvuta tumbako akikohoa damu, munganga yeyote aliyesoma anafikiri kansere. Kijana wa miaka 27 akikohoa damu, nani atafikiri hivyo? Hakuna. Wala hatumlaumu munganga. Nchi yetu iko katika zile 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa kabisa wa kifua kikuu. Mtu akikohoa hapa Pangi, Kalima ao Kampene zaidi ya wiki mbili, ni haki kabisa kuanza na kifua kikuu, kwa maana ndicho kilicho kingi na ndicho kinachopona. Ubaya unaanza pale makohozi yanapoangaliwa hayana kitu, anapewa dawa hata hivyo, anamaliza miezi sita, hapati nafuu, kisha anaanzishwa tena zile zile. Madaktari wa Kenya na Tanzania wameandika mara nyingi juu ya wagonjwa wa kansere ya mapafu waliofika kwao wakiwa wametibiwa kwanza kama wagonjwa wa kifua kikuu, wengine zaidi ya mara moja.

Tuseme wazi namna ya kutofautisha, kadiri munganga alivyotueleza. Kikohozi, kukonda, kukosa hamu ya kula na damu katika makohozi, hizo zote ni za magonjwa yote mawili, hazitusaidii. Homa ya jioni na jasho la usiku linalolowesha shuka zinaelekea zaidi kifua kikuu. Sauti iliyokauka wiki nyingi bila kupona, ncha za vidole zilizovimba kama kijiti cha ngoma, uso na shingo kuvimba, mifupa kuuma usiku, hizo zinaelekea zaidi kansere. Lakini jicho halitoshi. Kipimo cha kwanza ni makohozi. Ile mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2010, inajibu kwa muda wa saa mbili hivi kama kuna kifua kikuu, na kama kinasikia dawa ya kwanza ao hakisikii. Makohozi yakiwa hayana kitu, na dawa za kawaida za kikohozi zimeshindwa, inafaa mgonjwa apigwe radio ya kifua, na radio ikionyesha doa asilolielewa munganga, skaneri, kisha kukata kipande kidogo na kukiangalia kwa mikroskopi. Bila hicho kipande hakuna mtu wa kusema kwa hakika « hii ni kansere ». Radio peke yake haisemi.

Tena magonjwa haya mawili si maadui. Mtu anaweza kuwa nayo yote pamoja, na kovu la kifua kikuu cha zamani linaongeza hatari ya kansere mahali pale pale. Mwenye virusi vya Sida naye anapata kansere ya mapafu mara nyingi zaidi ya wengine, na akiwa bado na umri mdogo.

Sasa turudi kwa swali la tumbako, maana tumeona katika dortoari kuna wanaobishana. Wengine wanasema: « Babu alivutaka toka zamani, na angali hai. » Wengine wanasema: « Fulani hakuvuta, akakufa. Basi tumbako haina kosa. » Tuwape watu wawili wanaojulikana duniani. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alivuta sigara nyingi maisha yake yote. Septemba 1951 waganga waliliondoa pafu lake la kushoto, alikuwa na miaka 55. Watu waliambiwa tu kwamba kuna mabadiliko katika pafu. Neno kansere halikutamkwa. Alikufa usingizini usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, moyo wake ukiwa umechoka pia, na binti yake Elizabeth aliipata habari akiwa Kenya, upande wa Nyeri, katika safari. Mtu wa pili ni Dana Reeve, mwimbaji na mchezaji wa sinema wa Marekani, mke wa yule Christopher Reeve aliyecheza Superman. Huyu hakuwa mvuta tumbako. Agosti 2005 alitangaza kwamba ana kansere ya mapafu, na mwezi wa tatu 2006 akafariki, miaka 44. Wote wawili tunasema walikuwa na « kansere ya mapafu », lakini mmoja ni paa lililochakaa, mwingine anafanana zaidi na tawi lililoanguka.

Kwa hiyo wanaobishana wote wana nusu ya ukweli. Tumbako ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya kansere hii duniani. Jambo hilo lilithibitishwa tangu mwaka 1950, pale Richard Doll na Austin Bradford Hill walipowauliza wagonjwa wa hospitali za London. (Doll mwenyewe alikuwa akidhani mwanzoni kwamba kosa ni la lami ya barabara. Alipoona hesabu zake aliacha kuvuta.) Lakini si yote inayotoka kwa tumbako, na kadiri mgonjwa alivyo kijana, ndivyo inavyowezekana zaidi kwamba hakuvuta kamwe. Wanawake pia ni wengi zaidi kati ya wagonjwa vijana kuliko kati ya wazee.

Tumefika mahali panapotugusa sisi watu wa Pangi zaidi ya wengine, ndiyo mashimo. Wazee wetu wengi walifanya kazi ya kasiteriti ya Kalima kwa Symétain, na tangu mwaka 1976 kwa SOMINKI, mpaka hiyo kampuni ikafungwa mwaka 1997. Siku hizi ni wakreseri, na kati yao wamo wanafunzi wanaotafuta minerval wakati wa konje kubwa. Tunawajua, hatuwataji. Wengine wetu tumefanya pia.

Habari ya mapafu na mashimo ni ya zamani sana. Kule Ujerumani, Schneeberg, wachimbaji walikufa kwa ugonjwa wa kifua ambao watu waliuita tu « ugonjwa wa mlima ». Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, waliandika kwamba ugonjwa ule ni kansere ya mapafu. Wakati ule sigara zilikuwa bado chache. Mkosaji mkubwa alikuja kujulikana baadaye: radoni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka katika mawe yenye uraniamu na kujikusanya ndani ya shimo lisilo na upepo. Sisi Wakongo uraniamu tunaijua, Shinkolobwe iko kwetu, kule Katanga. Lakini hakuna haja ya shimo la uraniamu. Mfano unaofanana na wetu uko Uchina, mji wa Gejiu, jimbo la Yunnan, ambako wanachimba bati, yaani kitu kile kile tunachokitoa katika kasiteriti. Wachimbaji wa Gejiu walipata kansere ya mapafu kwa wingi wa kutisha. Wataalamu walikuta mkosaji si mmoja: radoni, vumbi lenye aseniki, na tumbako juu yake. Na wengi wa wale wazee waliougua walikuwa wameingia shimoni wakiwa watoto.

Hapo kuna jambo la hesabu ambalo tunaomba kila mtu alishike. Toka siku mtu anaanza kupumua moshi ao vumbi mpaka siku kansere inaonekana, inapita kwa kawaida miaka 20, 30, hata zaidi. Mzee aliyeanza kuvuta na miaka 30 anaugua na miaka 60 na kitu, na sisi tunasema ni uzee. Mtoto aliyeanza shimo na sigara akiwa na miaka 12 anaweza kuugua na miaka 40. Huyo wa miaka 40 atahesabiwa kati ya vijana, lakini kansere yake ni ya aina ya wazee. Paa lake limechakaa mapema. Basi kati ya wagonjwa wasio wazee kuna makundi mawili yasiyofanana: wale wa tawi lililoanguka, ambao hawakufanya lolote, na wale walioanza mapema mno.

Si kila kasiteriti ina hatari sawa. Anayeosha mchanga mtoni na karai, miguu ndani ya maji, hali vumbi. Anayeponda mawe meupe ya kwarizi kwa nyundo ao katika chuma kikavu anapumua silika. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa kansere wa Shirika la Afya Duniani wanaiandika silika ya namna hiyo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansere kwa watu, mbali na silikosi inayokausha mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango. Kumwagilia mawe maji mbele ya kuyaponda kunapunguza vumbi sana. Kitambaa mdomoni hakizuii lile vumbi laini kabisa, na ndilo linalofika chini pafuni. Anayeingia ndani ya mlima, mahali pasipopita upepo, ana radoni ya kufikiria pamoja na hatari ya kufunikwa na udongo, ambayo inaua upesi zaidi ya kansere yoyote.

Na mama zetu jikoni? Tuliuliza pia. Huko huko Yunnan, wilaya ya Xuanwei, wanawake wasiovuta tumbako walikufa kwa kansere ya mapafu kuliko karibu mahali pengine popote, kwa sababu walipika ndani ya nyumba kwa makaa ya mawe yenye moshi mwingi. Watu walipojenga mafiga yenye bomba la kutoa moshi nje, hatari ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, wanawake na wanaume. Utafiti huo ulitoka mwaka 2002. Kuni zetu si makaa yale. Moshi wa kuni wataalamu wanauita mwenye kuelekea kuleta kansere, hawajauweka katika orodha ya kwanza. Hata hivyo unaharibu mapafu kwa njia nyingine, na jikoni lililo wazi juu ni bora.

Twende kwa matibabu, ambako umri unageuza mambo tena. Kijana anafika amechelewa, lakini mwili wake una nguvu: moyo mzima, figo nzima. Anaweza kuvumilia kupasuliwa, ao dawa kali, ao miale. Ukilinganisha kijana na mzee ambao ugonjwa wao umefika hatua moja, mara nyingi kijana anaishi muda mrefu zaidi. Zaidi ya hayo, kama kansere yake ni ya EGFR ao ALK, kuna vidonge vinavyoizima ile jeni moja tu. Kidonge cha kwanza cha ALK kilikubaliwa Marekani mwaka 2011. Haviponyi kabisa ugonjwa uliotawanyika, lakini vinaongeza miaka kwa watu ambao zamani walihesabiwa miezi. Mzee anakuja na magonjwa mengine mgongoni: presha, sukari, kifua kilichokwisha kuharibiwa na tumbako. Wakati mwingine dawa inamuumiza zaidi ya kumsaidia. Lakini wataalamu wanasema umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu matibabu. Kuna mzee wa miaka 75 anayekwenda shambani kila siku, na kuna wa miaka 60 asiyeweza kutoka kitandani. Wapimwe nguvu zao, isiwe tarehe ya kuzaliwa tu.

Tunajua mutasema: mambo hayo yako wapi, Pangi? Ni kweli, hospitali za zone zetu hazina hayo. Mgonjwa anapelekwa Kindu, na toka pale Kinshasa ao inchi za jirani. Kampala kuna Taasisi ya Kansere ya Uganda tangu mwaka 1967. Rwanda wana Butaro, iliyofunguliwa kwa wagonjwa wa kansere mwaka 2012. Dar es Salaam wana Ocean Road. Lakini hata huko si paradiso: mwaka 2016 mashine moja ya miale ya Uganda ilikufa kabisa, na wagonjwa wakakaa bila miale katika nchi yao zaidi ya mwaka. Njia ni ndefu na feza ni nyingi, na jamaa nyingi zinauza shamba kwa ajili ya kijana, lakini kwa mzee zinasema « ameisha kula miaka yake ». Hatupendi usemi huo. Hata asipopelekwa mbali, mzee ana haki asilie kwa maumivu. Uganda wanatengeneza morfini ya maji ya kunywa, na hospisi iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na Anne Merriman imeonyesha kwamba dawa hiyo inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake kijijini.

Wengine wamesoma ao wamesikia kwamba katika Afrika wagonjwa wa kansere ya mapafu ni vijana kuliko Ulaya, wakafikiri Waafrika wana ugonjwa wa namna ingine. Tuwe waangalifu na hesabu. Zaidi ya nusu ya Wakongo hawajatimiza miaka 18. Mahali penye wazee wachache, wastani wa umri wa wagonjwa wa ugonjwa wowote utashuka, hata kama kila mzee anaugua sawa na mzee wa Ulaya. Wa hesabu wataelewa mara moja. Wa latini na filozofia waombe msaada.

Tunarudi kwa ndugu wa karatasi ya tatu. Tumefikiri sana namna ya kukujibu. Ugonjwa uliomuua yaya yako hatuwezi kuutaja, kwa sababu hakukatwa kipande wala hakupigwa radio. Inaweza kuwa kifua kikuu kilichokataa dawa. Inaweza kuwa kansere. Lakini tumeona jambo moja katika vijiji vyetu. Mzee akikohoa mpaka akafa, watu wanasema Mungu amemwita, wanazika, wanakula, wanarudi nyumbani. Kijana akifa kwa kikohozi kile kile, siku ya tatu wanatafuta mtu. Na mtu huyo kila mara ni nani? Ni bibi mzee asiye na mtoto wa kumsimamia, ao shangazi mjane. Anafukuzwa, nyumba yake inachomwa, na hata kupigwa. Watu wanadhani ugonjwa wa wazee hauwezi kumshika kijana bila mkono wa mtu. Sasa mumesoma kwamba unaweza, na kwa njia gani: kipande cha kromozomu kinageuka katika selule moja, na hakuna mtu aliyekigeuza. Ndugu, kama yule wanayemsingizia angali katika kijiji chenu, mpelekee gazeti hili mkubwa wa jamaa, umsomee sehemu ya tawi na paa. Kama utahitaji, makapita wawili watafuatana nawe siku ya Jumamosi, tumekwisha omba ruhusa kwa Bwana Prefe.

Kwa wanaovuta nyuma ya choo (tunaona moshi, musidhani hatuoni), kuna hesabu za yule Doll. Yeye na wenzake waliwafuata waganga wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000 kuanzia mwaka 1951, kwa miaka 50. Mwaka 2004 walitoa matokeo: mvuta sigara anayeacha na miaka 60 anapata karibu miaka 3 ya kuishi zaidi kuliko kama angeendelea, na miaka 50, karibu 6, na miaka 40, karibu 9, na miaka 30, karibu 10, yaani karibu yote aliyokuwa apoteze. Mpelekeeni hata babu hesabu hiyo, ile ya miaka 60 ni yake.

Mwisho, juu ya kuambukiza. Kansere ya mapafu haiambukizi, si kwa pumzi, si kwa sahani, si kwa kulala chumba kimoja. Kifua kikuu kinaambukiza kwa hewa ya kikohozi, kwa hiyo mpaka munganga atakapojua ni kipi, mgonjwa afunike mdomo anapokohoa na madirisha yawe wazi. Lakini hata hicho hakipiti kwa kikombe wala kwa kijiko. Mgonjwa anaweza kula pamoja nanyi katika sahani moja.